Mayungiyungi ya Sikukuu: Kuyachagua na Kuyatunza Katika Joto la Mombasa

Mayungiyungi, ambayo wauza maua wengi huyaita lili, mara nyingi hununuliwa kwa kupendeza macho tu. Mnunuzi huingia dukani siku moja kabla ya Idi, Pasaka au Krismasi, akaliona shada lililofunuka lote, jeupe au la waridi, akalipenda, akalilipia na kuondoka nalo. Kesho yake wageni wanapopiga hodi, kingo za petali zimekwisha kunywea na rangi ya hudhurungi imeanza kuingia. Ua hilo lilikuwa limefikia kilele chake likiwa bado dukani. Katika mji wa joto kama Mombasa, kinachofaa kununuliwa ni tumba, na kinachofaa kuhesabiwa ni siku zilizobaki kabla ya sikukuu.

Sababu ya msisitizo huo ni joto lenyewe. Mayungiyungi yanayouzwa hapa hutoka bara, katika nyanda za juu ambako usiku ni wa baridi, nayo husafiri zaidi ya kilomita 480 kutoka Nairobi mpaka kufika pwani, ambako mwezi wa Machi joto la mchana hupita nyuzi 30 na usiku wake hauleti nafuu kubwa. Ua lililokatwa bado li hai. Linaendelea kupumua na kutumia akiba ya sukari iliyomo ndani ya shina na majani yake, na kwa kila ongezeko la nyuzi 10 kasi ya upumuaji huo huongezeka mara mbili au hata tatu. Ndiyo maana maelezo yaliyoandikwa katika nchi za baridi, yanayoahidi siku 10 hadi 14, huwavunja moyo watu wa pwani. Shada lililochaguliwa likiwa tumba na kutunzwa vyema, mimi ningemwambia mwenye nyumba alitarajie siku tano hadi saba, na zikizidi ashukuru. Katika miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, zitazidi. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, zisitarajiwe kuzidi.

Aina ya kununua

Aina zinazopatikana madukani zinaweza kugawanywa katika makundi matatu, na tofauti zake zina maana kwa mwenye kupanga sikukuu. Kuna mayungiyungi ya Kiasia, ambayo maua yake ni ya wastani, yana rangi kali za njano, chungwa na nyekundu, na hayana harufu ya kutajika. Haya hufunuka haraka. Kuna mayungiyungi yanayoitwa ya Mashariki, ambayo maua yake ni makubwa kama sahani, yana harufu nzito na huchukua muda mrefu zaidi kufunuka. Miongoni mwake imo Stargazer, ile ya waridi yenye madoadoa na ukingo mweupe, iliyozalishwa na Leslie Woodriff huko California katika miaka ya 1970, pamoja na Casa Blanca iliyo nyeupe tupu. Kisha kuna yungiyungi jeupe lenye umbo la tarumbeta, ambalo asili yake ni visiwa vya kusini mwa Japani na ambalo makanisa mengi duniani hulitumia wakati wa Pasaka.

Kwa sebule ya kupokelea wageni, yenye dari ya juu na madirisha yanayopitisha upepo, ya Mashariki hayana mfano wake. Kwa meza ya chakula mimi siyashauri hata kidogo. Harufu yake hupambana na harufu ya pilau na biriani, na mgeni aliyeketi mbele yake kwa muda wa saa nzima anaweza kuumwa na kichwa. Mezani pafaa yale ya Kiasia, au ushikiliwe utamaduni wa asumini na vikuba, ambavyo havijawahi kumkera mlaji yeyote.

Kulikagua shada dukani

Mwulize muuzaji mzigo wake uliingia lini, kisha uyaangalie maua mwenyewe bila kutegemea jibu peke yake. Anza na tumba la chini kabisa, kwa kuwa ndilo linalofunuka kwanza. Tumba lililo tayari huwa limenona, limekwisha kupoteza ukijani na kuonyesha rangi ya ua, na ukilitazama kwa karibu utaona mishono ya petali imeanza kuachana kidogo kwenye ncha, pengine kwa upana wa ukucha tu. Libonyeze taratibu kwa vidole viwili: linafaa liwe gumu lenye mnyumbuko mdogo. Likibonyea na kubaki limebonyea, limekaa bila maji. Matumba yaliyo juu yake yanaweza kuwa bado ya kijani kibichi, lakini yawe yamejaa. Vile vitumba vyembamba vya kileleni, vidogo kama kidole cha mtoto, mara nyingi havitafunuka kamwe, kwa hiyo usivitie katika hesabu unapolinganisha bei. Shina lenye matumba matatu yaliyonona ni bora kuliko lenye sita ambayo manne kati yake ni ya kupamba idadi.

Baada ya matumba, angalia majani. Majani ya chini yanapokuwa ya njano, shada limekaa sana kwenye baridi na giza la ghala, hata kama matumba yake bado yamefumba, na maua yake hayatadumu. Inua shada kutoka ndani ya ndoo na utazame mwisho wa shina. Pale lilipokatwa pawe peupe, si pa kahawia wala pa utelezi. Nusa maji ya ndoo. Muuzaji anayeyajali maua yake hana maji yanayonuka. Mwisho, kunjua karatasi ya nailoni na uangalie kama kuna matone ya maji yaliyonaswa ndani yake au madoa ya kahawia kwenye matumba. Unyevu wa hewa ya pwani ukijumlishwa na unyevu ulionaswa ndani ya nailoni huzaa ukungu wa kijivu, nao huenea kutoka tumba moja hadi jingine ndani ya usiku mmoja. Shada lenye madoa hayo liachwe, hata likipunguzwa bei.

Kama una haja ya maua siku hiyohiyo, kwa mfano ya kumpelekea mtu mkono wa Idi, basi chukua shada ambalo ua moja tu limefunuka na vifuko vyake vya chavua bado vimefumba na ni laini. Vifuko vikiwa vimepasuka na unga wake kumwagika juu ya petali, ua hilo ni la jana au la juzi.

Kuhesabu siku, hasa za Idi

Krismasi haina taabu: tarehe inajulikana, na maua ya Mashariki yakinunuliwa tarehe 22 Desemba yakiwa na tumba moja lililoanza kuachana, yatakuwa yamechangamka tarehe 25. Kwa Pasaka, wanaopamba kanisa kwa ajili ya mkesha wa Jumamosi usiku wayachukue maua ya tarumbeta Alhamisi Kuu. Hata Idul-Adha ni rahisi, kwa sababu inaangukia mwezi 10 Dhul-Hijja, na kwa hiyo baada ya mwezi kuandama mtu ana siku za kutosha kumwagiza muuza maua wake kwa utulivu.

Idul-Fitri ndiyo yenye kuhitaji akili. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na hakuna ajuaye ni ipi mpaka magharibi ya mwezi 29, macho yanapotazama upeo. Mwenye kununua maua kwa kukisia siku moja anaweza kuyakuta yamefunuka wakati bado watu wanafunga, au yamefumba wakati takbiri zinasomwa. Njia ninayoipendekeza ni kununua mwezi 27, na kuchagua kwa makusudi mashina ya hatua mbili tofauti: nusu yawe na tumba la chini lililokwisha kuanza kuachana, na nusu yawe na matumba yenye rangi lakini yaliyofumba kabisa. Yote yaingizwe kwanza kwenye chumba chenye ubaridi kuliko vyote nyumbani, pasipo jua. Usiku wa mwezi 29, mwezi ukiandama, yaliyoanza kuachana yanakatwa upya, yanatiwa kwenye maji ya uvuguvugu na kuhamishiwa penye mwanga. Asubuhi, watu wanaporudi kutoka kuswali, mengi yatakuwa yamefunuka au yanafunuka. Mwezi usipoandama, hayaguswi, yanabaki chumbani mwao mpaka kesho. Yale yaliyofumba kabisa yatashika zamu siku ya pili na ya tatu, kwani kutembeleana kwa Idi hakuishi siku ya kwanza, na ni aibu kwa jamaa wa siku ya tatu kukaribishwa na mabua.

Friji inaweza kutumika kuyachelewesha, kwa masharti. Matumba tu ndiyo huwekwa humo, si maua yaliyofunuka. Yasimame ndani ya maji kidogo, yasigusane na ukuta wa nyuma unaogandisha, na yasipitishe siku mbili au tatu, la sivyo majani yatageuka njano. Friji hiyo isiwe na matunda ndani yake, jambo ambalo ni gumu katika Ramadhani. Sababu yake inafuata hapa chini.

Kuyafikisha nyumbani

Nunua asubuhi mapema au baada ya alasiri. Shada lisiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani hata kwa muda wa kuingia dukani na kutoka, na anayevuka feri ya Likoni au kukwama kwenye daraja la Nyali alikinge kwa gazeti na kulizungushia kitambaa kilicholowa kwenye mwisho wa mashina. Vichwa viwe juu. Kwenye tuktuk lishikwe mkononi, lisilazwe sakafuni karibu na joto la injini.

Kukata, maji na dawa ya maji

Kabla ya kitu kingine chochote, oshe chombo cha maua kwa sabuni na maji ya moto, kisha ukisuuze. Bakteria waliobaki kutoka kwa shada lililopita huingia kwenye mishipa ya mashina mapya na kuiziba, na ua hunyauka huku limesimama ndani ya maji tele. Pukutisha majani yote yatakayozama. Kata kila shina kwa kisu kikali, kwa mshazari, ukiondoa sentimita mbili au tatu, na ulitie ndani ya maji papo hapo. Mkasi butu hulibana shina na kuponda mishipa ileile inayotakiwa kunyonya. Kisha liache shada ndani ya ndoo yenye maji mengi, mahali penye kivuli, kwa saa mbili au tatu kabla ya kulipanga.

Maji yenyewe ni jambo la kuangaliwa sana Mombasa kuliko mijini bara. Visima vingi vya kisiwani na vya ukanda wa bahari vina maji ya chumvi, na chumvi hulinyima ua uwezo wa kunyonya na kuzichoma kingo za majani yake. Ikiwa maji ya kisima chenu yana ladha ya chumvi au sabuni haitoi povu ndani yake, yaacheni yatumike kusugulia sakafu. Tumia maji ya mvua, maji matamu ya mfereji, au ya mtungi yanayonunuliwa kwa kunywa. Shada moja halihitaji zaidi ya lita mbili. Maji ya tangi lililo juu ya paa yachotwe usiku au alfajiri, kwa sababu ya mchana yanaweza kuwa ya moto kiasi cha kuyapika mashina.

Kama muuzaji anatoa pakiti ya chakula cha maua, itumie kwa kipimo kilichoandikwa. Kama hakuna, changanya nyumbani kwa kila lita moja ya maji vijiko viwili vya chai vya sukari, vijiko viwili vya chai vya maji ya ndimu, na robo ya kijiko cha chai ya jiki, yaani klorini ya kufulia nguo nyeupe. Sukari huyalisha matumba ya juu yapate nguvu ya kufunuka, ndimu hurahisisha maji kupanda shinani, na klorini huwazuia bakteria, ambao bila hiyo wangeifurahia sukari kuliko ua. Kila kimoja kitiwe ndani ya maji peke yake na kukorogwa. Ndimu na klorini visikutanishwe ndani ya kikombe kimoja kabla ya kuzimuliwa kwa maji, kwa kuwa hutoa hewa yenye madhara kwa mapafu. Sarafu na vidonge vya kutuliza maumivu, ambavyo watu huvitia kwa mazoea, havitoshi kufanya kazi hiyo.

Bara huambiwa wabadilishe maji kila siku ya pili au ya tatu. Hapa yabadilishwe kila siku, na kila yanapobadilishwa mashina yakatwe tena kidogo. Kazi hii haizidi dakika tano, nayo ndiyo inayorefusha maisha ya shada kuliko dawa yoyote.

Mahali pa kuyaweka

Jua la dirishani halifai, na upepo wa pangaboi au wa kiyoyozi ukielekezwa moja kwa moja kwenye petali huzikausha. Juu ya televisheni na juu ya friji ni mahali pa joto, ingawa panavutia.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kuhusu matunda na moshi. Embe, papai, ndizi na matunda mengine yanapoiva hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo huyaamrisha maua kuzeeka na matumba kudondoka. Hewa hiyohiyo imo katika moshi wa kitu chochote kinachoungua, ukiwemo moshi wa sigara, wa makaa, na wa udi na ubani. Nyumba ya Idi bila chetezo haiwi nyumba ya Idi, nami sina nia ya kumwambia mtu aache kufukiza. Ninachoomba ni kwamba shada litolewe chumbani wakati wa kufukiza, madirisha yafunguliwe, na lirudishwe moshi ukishapungua. Bakuli la matunda nalo likae chumba kingine.

Wala usiyanyunyizie maua maji ukidhani unayapoza. Hewa ya Mombasa ina unyevu wa kutosha, na matone yanayokaa juu ya petali huacha madoa na kukaribisha ukungu.

Chavua, kanzu na paka

Ua linapoanza kufunuka, ndani yake huonekana nyuzi sita, kila moja imebeba kifuko kirefu kilicho laini, chenye rangi ya kijani au ya kahawia. Kiondoe kila kifuko kwa vidole au kwa karatasi laini kabla hakijapasuka. Baada ya saa chache kitapasuka na kutoa unga wa rangi ya chungwa unaoshika kwenye nguo kwa ukaidi mkubwa, na kwa kuwa maua kama Stargazer hutazama juu, mkono wa kanzu nyeupe unaopita juu yake kuchukua kikombe cha kahawa hauponi. Doa likishaingia, lisisuguliwe wala kutiwa maji, kwa sababu maji huuzamisha unga ndani ya uzi. Kung'uta kwanza, kisha ubandike selotepu na kuibandua mara kwa mara mpaka isitoke na rangi tena, ndipo nguo ianikwe juani, ambako mabaki hufifia.

La paka ni zito zaidi. Kila sehemu ya yungiyungi ni sumu kwa paka: petali, majani, chavua, hata maji ya chombo. Paka aliyepitiwa na unga huo manyoya yake na akajilamba anaweza kuanza kutapika na kunyong'onyea ndani ya saa chache, na figo zake zikafa ndani ya siku moja hadi tatu. Anayeshuku kwamba paka wake amegusa maua haya asingoje dalili. Ampeleke kwa daktari wa mifugo mara moja. Mji wa Kale na mitaa yake umejaa paka wanaoingia madirishani bila ruhusa ya mtu, na kwa hiyo kuliweka shada juu ya kabati si kinga. Nyumba yenye paka, au yenye dirisha ambalo paka amelizoea, ichukue waridi, jabera au asumini, ambazo hazina hatari hiyo.

Katika siku za sikukuu, kila ua linalonyauka likatwe kwenye kikonyo chake, ili sukari iliyobaki iende kwa matumba ambayo hayajafunuka. Shina linapobaki na ua moja tu, likate fupi na ulihamishie kwenye bilauri ya chai. Mabaki yote, pamoja na vifuko vya chavua ulivyoviondoa, yafungwe ndani ya mfuko kabla ya kutupwa kwenye pipa lenye kifuniko, na maji ya chombo yamwagwe chooni, si uani wala barazani ambako paka wa mtaa atayanywa.